Mwaka Uwanja wa Bendera Ulipopimwa

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Ukinipa kiti nitakitikisa kwanza, ukinisifia nguo nitaenda kuangalia kama haijachanika mgongoni. Kwa hiyo Kavira aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake, Papa Kasereka, amefariki kwao Butembo, na kabla sijamaliza kusema pole akaongeza kwamba anataka tukutane senta, ule mji mdogo tulikoishi zamani, tuuone Uwanja wa Bendera ulivyojengwa upya, machozi yangu yalirudi ndani na swali likatoka: huyu anataka nini kwangu? Karibu miaka thelathini hatukuwa tumeonana. Namba yangu kaipata wapi? Na kwa nini mimi, wakati watu waliomjua baba yake wako wengi tu, hai, wenye miguu? "Kuya tu, dada Vumilia," aliniambia. "Kuna neno ya Papa nataka kukuambia, na iko lazima tukuwe pale pale." Neno la marehemu, tena la kuambiwa mahali maalumu! Siku tatu niliwaza mambo mabaya tu. Siku ya nne nikafunga atelie yangu ya kushona hapa Goma, nikawaachia wasichana ninaowafundisha kazi ya mifuko na mikono ya mashati, nikapanda gari. Sikwenda kwa sababu nilitaka. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana.

Senta yetu iko kwenye njia ya kushuka Walikale, ukishaiacha Nyabiondo nyuma. Nilifika saa nne asubuhi, saa nzima kabla ya Kavira, maana napenda kufika kabla ya mtu anayeniita. Uwanja sikuutambua. Pale palipokuwa na udongo mwekundu wa kuteleza, sasa pamepangwa matofali madogo ya kijivu na mekundu, yamefanya maua. Kuna viti vya simenti vya mviringo, vimepakwa rangi. Kuna masanduku ya simenti yenye majani ambayo hata mbuzi hayataki. Upande wa juu wamesimamisha hangari kubwa la soko, kuta zake ni kioo kutoka chini hadi juu, paa lake la bluu limeinuka upande mmoja tu, na taa za jua zimesimama pembeni zikitutazama. Nikagonga kioo kwa ukucha. Kioo cha nini, katika mji uliosikia risasi miaka yote hii? Anayejenga kioo hapa ama hajui kitu, ama anajua kitu ambacho sisi hatukijui. Kwenye kibao kikubwa wamechora uwanja wenyewe, na ndani ya picha wamechora watu: wanatembea na mabegi begani, wananawiri, na hakuna hata mmoja aliyebeba kitu kichwani. Ndani ya hangari meza zimepewa namba, nyingi tupu. Wanawake wenyewe walikuwa nje, kando ya mfereji wa barabara, wamekaa juu ya magunia na maharagwe yao. Nikamuuliza mmoja, "Mama, juu ya nini hamuingie mule ndani?" Akasema, "Mule kuna liste." Nikauliza, "Liste aliandika nani?" Akanitazama kama mtu anayetafuta nimetumwa na nani. "Ilitoka na ordinatere," akajibu, yaani kompyuta, akafunika maharagwe yake. Hapo nikakaa kwenye kiti cha simenti. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka magotini, kwa sababu namkumbuka mtu aliyeandika orodha ya uwanja ule kwa mkono, na nakumbuka tulichomfanyia.

Zamani uwanja ule, watu walisema, ulikuwa mgongo wa kilima. Wabeleji wakaulazimisha kuwa sawa, wakasimamisha bendera, na pale chini yake wanaume wa vilima vyote walipangwa mstari kuhesabiwa. Wabeleji wakaenda, mlingoti ukaoza, ukabaki mguu wake wa mawe, na wanawake wakauchukua uwanja kwa soko la Jumamosi. Hapakuwa na karatasi. Mwanamke akipewa nafasi na mama yake ao mama mkwe, alileta jiwe moja la mafiga ya nyumbani kwake, jiwe lililokwisha kuungua, akalizika pale mpaka kikabaki kichwa tu. Kwake jiko lilibaki na mawili mpaka atafute la tatu, na siku hiyo alipikia kwa jirani na jirani hakuruhusiwa kunung'unika. Jiwe njo lilikuwa karatasi, ndilo hati yake. Wanawake waligombana kwa mambo mengine yote, chumvi, wanaume, kuku aliyevuka ua, lakini sikuwahi kuona mtu akisogeza jiwe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliishi katika chumba cha nyuma kwa Mama Nyota, mjane aliyeuza maharagwe. Namna nilivyofika kwake naiacha. Miaka ile ya vita watu walifika kwa watu. Jiwe la Mama Nyota lilikuwa jeusi, karibu kabisa na mguu wa bendera, mahali ambapo kila anayetoka Nyabiondo na kila anayepanda kutoka Walikale na mafuta ya mawese lazima apite. Nafasi ile ilitulisha sisi wawili. "Mimi sina shamba, sina bwana, sina mutoto," alikuwa anasema akipepeta maharagwe. "Niko na ile jiwe." Akicheka, alicheka na mabega yote. Mimi nilishona. Mashini yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Papa Kasereka, Munande, mtu wa kabila jingine kutoka Butembo, aliyeuza chumvi, sabuni, betri, petroli ya taa na makayabo, yule samaki wa chumvi ambaye harufu yake iliingia mpaka kwenye nguo nilizoshona. Papa Kasereka hakunidai kitu kwa ile baraza. Alisema mashini ikilia mlangoni, watu wanadhani duka lina wateja.

Saa sita tulikula nyuma ya duka, kwenye stoo, tumekaa juu ya magunia ya chumvi: mimi na Kavira sahani moja, yeye miaka kumi na sita, mwepesi wa mkono, akinichagulia vipande vya samaki visivyo na miiba na kuniibia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mama yake alisonga bugali ya muhogo mpaka ikang'aa. Papa Kasereka alisali kwanza, sala ndefu ya Kikatoliki, bugali ikipoa, halafu alikula bila kusema. Niliwapenda. Nataka niseme hivyo wazi kwa sababu ya yanayofuata. Lakini mwaka ule kupenda na kushuku viliishi chumba kimoja. Ukikohoa, watu waliuliza unampa nani ishara. Ukianika shuka jeupe, walitaka kujua kwa nini si la rangi. Muuza mkaa alishukiwa kwa sababu alitoka msituni, na padri kwa sababu hakutoka nje. Nami nilikaa kwenye baraza ile nikikanyaga mashini na kusikiliza. Dereva wa gari la Butembo akifika, yeye na Papa Kasereka waliongea Kinande nyuma ya ukuta wa mbao, sauti chini, na mimi nikisikia lugha nisiyoijua huwa nadhani nasemwa. Nilipunguza mwendo wa mashini ili nisikie vizuri lugha ambayo sikuielewa. Ujinga gani huo! Lakini nilifanya.

Jumatano moja, asubuhi ya ukungu, nilifika mapema kumalizia gauni la komunio. Nikamwona Papa Kasereka katikati ya uwanja, ameinama. Alikuwa na kamba yenye mafundo. Alifunga ncha moja kwenye mguu wa bendera, akaivuta mpaka kwenye jiwe, akahesabu, akaandika ndani ya kaye, daftari la shule lenye mistari, akaenda jiwe lingine. Nilijificha nyuma ya nguzo ya baraza. Mtu wa mahali pengine hawezi kuelewa. Kwetu, kamba juu ya udongo haijawahi kuleta heri. Kamba ya mzungu ilipita kilimani, na kilima kikawa shamba la chai. Kamba ya wakubwa waliokuja nyuma yake ilipita, na mihogo ikawa malisho ya ng'ombe. Watu walilala wenye shamba wakaamka vibarua, na kila mara ilianza vivyo hivyo, asubuhi, mtu mpole mwenye kamba na daftari. Mtoto wa kwetu anajua kuogopa kamba kabla ya kujua kuogopa nyoka.

Akanikuta pale. Hakushtuka, akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Vumilia, unikopeshe metere yako kidogo." Alitaka utepe wangu wa kupimia watu kifua na kiuno. "Kamba inadanganya pale mawe iko karibu karibu." Nikamuuliza anataka kushona nini. Akatabasamu. "Hapana, mwana. Kuna kitu niko natengeneza. Lakini usiseme kwanza kwa bantu. Batafikiri mubaya." Wee! Nisiwaambie watu? Neno "usiseme" ukiniambia mimi, umekwisha kuharibu. Nikampa metere. Nikamtazama akipima kutoka jiwe la Mama Nyota hadi jiwe la jirani yake, akiandika kwa uangalifu, ulimi nje kidogo. Siku ile nzima nilishona kombo.

Jioni, kwenye bugali, nikamwambia Mama Nyota. Nilijiambia nasema kwa sababu ananilisha na jiwe ni lake, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na utamu pia wa kuwa mimi ndiye niliyeona. Mama Nyota alishika tonge hewani. "Alipima na ya kwangu?" Nikasema, "Alianzia kwa ya kwako." Akalirudisha tonge kwenye sahani. Sijawahi kumwona akirudisha chakula. "Sikuwa na mubaya naye," akasema polepole. "Kila Jumamosi nilikuwa namuletea maharagwe ya mupya." Akajifunga kitenge, akatoka kwenda kwa presida, mwenyekiti wa komite ya soko, na mimi nikabaki na sahani mbili.

Kesho yake presida alikuja kwenye baraza yangu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na sauti ya chini mwaka ule ilitisha kuliko kelele. Akaokota metere juu ya mashini, akaivuta kati ya vidole. "Hii metere ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Njo weye ulimupatia apime uwanja?" Akaikunja vizuri akaniwekea juu ya kitambaa. "Kesho utasema mbele ya bantu bote. Ao utasema ile uliona, ao tutajua mulikuwa babili." Wawili, yaani mimi na Papa Kasereka. Akaenda. Ndani ya duka Papa Kasereka alikuwa anampimia mtu chumvi, na hakusikia kitu.

Ijumaa walijaa uwanjani. Nilisimama karibu na mguu wa bendera nikasema yote: kamba, mafundo, kaye, metere, na lile neno lake, usiseme kwa bantu. Sikuongeza wala kupunguza. Hakuna hata sentensi moja ya uongo niliyosema siku ile, na mara nyingi nimejaribu kulalia hiyo kama mto. Papa Kasereka aliachwa ajibu. Alivua kofia. "Ni kweli nilipima," akasema. "Kule nilikaa mbele ya kuya hapa, bantu balikimbia vita. Balirudi, mawe haiko, uwanja umelimwa na magari. Wamama balikatana na mapanga juu ya nafasi. Niliona na macho. Njo nilisema hapa niandike kila mama na pake, niweke kaye kwa misheni. Siku tutakimbia, tukirudi, kila mutu arudie pake bila vita."

Kisha presida akarudia taratibu, "Siku tutakimbia?" Na hapo ndipo mtu yule alipojimaliza, maskini, kwa kusema ukweli. Kwetu mtu hasemi "tutakimbia." Hata kama mzigo wako umefungwa nyuma ya mlango, unasema unaenda shamba. Anayetaja kukimbia anaita kukimbia kuje. Na kama si mchawi, basi ameambiwa siku. Sauti zikapanda pande zote. "Umejua aje tutakimbia?" "Nani alikuambia?" "Ulizeni dereva yake!" Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja!" Kila neno ambalo lingemsaidia lilikuwa limekwisha kugeuka. Wakampa mpaka saa sita aondoke na familia yake, na wakasema ashukuru kwamba wameishia hapo. Aligeuka akanitazama, si kwa hasira, halafu akaenda kumsaidia mkewe kufunga masufuria. Kavira alipita mbele yangu na beseni la sahani kichwani. Zile sahani zetu. Sikumsalimia, naye hakusimama.

Lile kaye walilomnyang'anya lilibaki mkononi mwa presida, hajui alipeleke wapi. Muuza karanga akalimaliza suala. "Nipe miye, presida. Karatasi iko ngumu kupata. Nitafungia karanga." Watu wakacheka. Ilikuwa raha kucheka, baada ya woga ule.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilinunua karanga, jioni nikakaa nyumbani karibu na jiko nikila, na koni ya karatasi ilipobaki tupu nikaikunjua, tabia yangu ya kusoma kila karatasi. Mwandiko wa shule ya mapadri, umelala upande. Nimesahau nyuso za watu wengi wa mwaka ule lakini maneno yale sijayasahau. "Mama Nyota, maharagwe. Jiwe nyeusi, imeungua upande moja. Kutoka muguu ya bendera hatua mbili na vidole ine. Alipewa na mama mukwe yake. Ni mujane. Asisongeshwe." Chini yake jirani yake, na jirani wa jirani, kila mmoja na jiwe lake na aliyempa. Hakuna jina la Papa Kasereka popote. Hakuna mnunuzi, hakuna mkubwa, hakuna askari. Nilisoma mara tatu. Nilijua vilevile jambo lingine, ambalo mji mzima ulijua: familia ile ilikuwa bado kwa misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, wakingoja gari la Jumatatu. Ningeweza kwenda kwa presida na ile karatasi. Ningeweza kumkimbilia Papa Kasereka. Ningeweza tu kunyoosha mkono na kumpa Mama Nyota, aliyekuwa amekaa mbele yangu akichagua mawe kwenye maharagwe. Badala yake nilisikia ile sauti ya chini: tutajua mulikuwa babili. "Ni nini kwa ile karatasi?" Mama Nyota akauliza. Nikasema, "Hesabu ya batoto ya shule." Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika mambo yale yote, na ndio wa pekee uliotakiwa. Nikaikunja, nikaiingiza kati ya mafiga, nikakaa nikiitazama mpaka ikawa majivu.

Wiki tatu baadaye risasi zilianza upande wa mlima, na tulikimbia. Njiani, watoto migongoni, watu walikuwa wanaambiana, "Munaona? Munande alijua!" Nami nilitikisa kichwa pamoja nao. Tulishuka misitu ya Walikale, tukala ndizi mbichi na majani ambayo wenyeji walituonyesha, mvua yote ikatuishia mgongoni. Tuliporudi, uwanja ulikuwa umelaliwa na askari. Mawe yote yalikuwa yameng'olewa, wamepikia, wamejengea vizuizi, mengine yametupwa mferejini. Mvua ilikuwa imesawazisha mashimo. Jumamosi ya kwanza wanawake walisimama na vikapu vichwani, hakuna anayethubutu kuweka chini wa kwanza, kisha wote wakaweka kwa pamoja. Sitasimulia yote. Mwanamke mmoja alipoteza sikio. Karibu na mguu wa bendera alikaa mama mmoja ambaye shemeji yake alikuwa na bunduki, akaapa kwa Biblia kwamba pale ni pake tangu zamani. Mama Nyota alikuwa anazunguka, anapiga hatua, anarudi, anapiga tena. "Ilikuwa hapa. Vumilia, si ilikuwa hapa?" Nikasema ndiyo, hapa, mimi nashuhudia. Yule mwanamke akainua macho akaniuliza kwa utulivu, "Nani alipima?"

Mama Nyota aliuza kando ya mfereji miaka iliyobaki, mahali ambapo magari yanarusha matope, na watu wa Nyabiondo walikuwa wameshanunua kabla ya kumfikia. Alikonda. Kicheko chake cha mabega sikukisikia tena. Alikufa akimlaani Papa Kasereka, eti ndiye aliyeleta kule kukimbia kwa kukutaja, na mimi nilimpangusa jasho na kumwacha alaani. Tangu siku hizo nikawa mtu wa kushuku kila mtu. Watu wanadhani ni vita vilivyonifanya hivi. Hapana. Mimi nashuku kwa sababu najua mtu mwenye uso mzuri, anayekula sahani moja na wewe, anaweza kukaa na nini moyoni, maana namjua mmoja.

Kavira alifika saa tano, amevaa nyeusi, amenenepa, anatembea kama baba yake, mikono nyuma. Tulikumbatiana kidogo. Tukazunguka uwanja mara moja, yeye akishangaa vioo, mimi nikimshangaa yeye. Alitafuta lilipokuwa duka lao: pamekuwa choo cha kulipia, safi, kimefungwa kwa kufuli. Akacheka. Mimi bado nilikuwa nangoja kisu. Labda anataka kiwanja chao. Labda anataka shahidi mbele ya biro, ofisi ya serikali. Tulipokaa nikatazama mikono yake, nione kama atatoa karatasi. Akatoa simu.

"Dada," akasema, "Papa mbele ya kufa alisema juu yako. Alikuwa anasema mara mingi, hata tukiwa batoto. Anasema, siku ile pale uwanjani bantu bote balidanganya ao balinyamaza. Vumilia peke yake njo alisema ile aliona. Hakujua ingine, angelijua angelisema. Basi musimuwekee neno kwa roho. Kila rozari alikutaja jina." Akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Kaka zangu bananiomba nikamate sauti yako na simu. Misa ya arobaini, siku makumi ine, itakuwa Jumapili. Banataka muntu moja wa hapa aseme Papa alikuwa muntu wa haki. Na hakuna mwingine tunaamini."

Siku zote nne nilikuwa namshuku mtoto wa watu, kumbe amebeba zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine, Vumilia fulani ambaye angelijua angelisema. Ilikuwa rahisi kuipokea. Ningesema maneno mazuri matatu, yote ya kweli tena, kama siku ile. Kando ya mfereji mama wa maharagwe alikuwa anatutazama.

"Kavira," nikasema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Papa alikuwa na haki. Nilijua kesho yake, Jumamosi. Nyinye mulikuwa bado kwa misheni."

Alinitazama usoni, halafu mikononi, kama anayetafuta mahali pa kuanzia. Nilifikiri atanipiga, na ningemwachia. Mlinzi wa uwanja akapiga filimbi, akimfukuza mtu aliyekuwa ameegemeza tshukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye sanduku la majani. Kavira akawasha simu, akaiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Basi sema yote," akasema. "Kaka zangu basikie vile iko."

Nikaanza. Nilisema jina langu, nikasema kamba na kaye, metere, bugali ya Mama Nyota, presida na sauti yake, watu walivyocheka muuza karanga alipoomba karatasi. Sauti yangu ilikuwa inapanda, wanawake wa mferejini wakaacha kuongea, na mmoja akasimama ili asikie. Nilipofika Jumamosi, kabla sijaikunjua ile koni, simu ikatoa mlio mdogo, ikazima. Betri. Niliigeuza, nikabonyeza, kioo kikabaki cheusi. Nakiri, nilishukuru. Nilidhani Mungu amenifungulia mlango mdogo nipite, na ndugu zake watasikia mpaka pale palipo pazuri.

Nikamtazama Kavira. Hakuwa anaitazama simu.

"Endelea," akasema. "Miye niko nasikia."